Jicho la Mafia: Kituo cha Ndege za Majini katika Vita vya Rufiji

Kisiwa cha Mafia hakitajwi sana katika vitabu vya vita. Watu wa mwambao hukijua kwa minazi na samaki wake, kwa magofu ya Kua yaliyoko Juani, na kwa mji wa kale wa Kisimani ambao sehemu yake kubwa imekwisha kumezwa na bahari. Hata hivyo, katika mwaka 1915 kisiwa hiki kilibebeshwa jambo geni kabisa katika upande huu wa dunia: kituo cha ndege za jeshi la majini, kilichowekwa kwa ajili ya kuitazama meli moja iliyojificha ndani ya mikoko ya Rufiji.

Waandishi wengi wa Kizungu wamekieleza kisa cha Rufiji kuwa ni kisa cha meli. Husifu ushupavu wa manowari ya Kijerumani iliyowakimbiza Waingereza kwa karibu mwaka mzima, kisha hueleza namna ilivyozamishwa. Kituo cha Mafia hupewa aya moja au mbili, kama jambo la pembeni. Lakini ukikitazama kisa hiki kutoka visiwani utaona kwamba kituo hicho ndicho kiini chake. Mizinga ya Waingereza ilikuwa tayari imefika. Iliyokosekana ni njia ya kuona mahali inapopiga. Na kuona huko kulikuwa na gharama, ambayo sehemu yake ililipwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Meli yenyewe iliitwa Königsberg. Ilikuwa manowari ya tani zipatazo 3,400, yenye mizinga kumi ya milimita 105, na iliingia Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, chini ya nahodha Max Looff. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti ilikuwa imekwisha kutoka bandarini, na siku chache baadaye ikaikamata meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Omani. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, ilitokea mbele ya bandari ya Unguja na kuishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezewa mitambo. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika ilipokuwa adui. Mabaharia 38 walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe, ambako makaburi yao yapo hadi leo.

Baada ya ushindi huo mitambo ya Königsberg iliharibika. Looff hakuweza kurudi Dar es Salaam, kwani bandari ile ilikuwa ikitazamwa na adui, wala hakuweza kukimbilia bahari kuu. Akaingia Rufiji. Huko ndiko sehemu za mitambo ya mvuke zilikofunguliwa, zikavutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam zikatengenezwe, kisha zikarudishwa kwa njia ileile. Masimulizi huisifu kazi hiyo kama ushahidi wa ufundi wa Kijerumani. Ilikuwa pia ushahidi wa mabega ya Waafrika, kwani ni wao waliovuta.

Mahali pale palichaguliwa kwa akili. Mto Rufiji haumwagikii baharini kwa mlango mmoja. Unapokaribia pwani hugawanyika katika mikono mingi, mathalan Simba Uranga, Kikunja, Suninga na Msala, na baina ya mikono hiyo mna vijito visivyohesabika, ambavyo baadhi yake hujaa na kukauka pamoja na maji ya bahari. Pande zote mna mikoko, misinzi, mikandaa na mikomafi. Msitu huo ndio uliotoa boriti zilizojenga nyumba za mawe za mwambao. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vya Unguja na Lamu, na majahazi yalizichukua hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Wakata boriti na manahodha waliijua delta kwa kuizoea: kijito kipi kina kina, fungu lipi limehama tangu masika yaliyopita, maji yanaanza kutoka saa ngapi. Wahenga wamesema mgeni ni kipofu ajapokuwa na macho, na hakuna mahali ambapo neno hilo ni kweli zaidi kuliko Rufiji.

Waingereza walikuwa wageni wa aina hiyo. Katika mwezi wa Oktoba 1914 walikuta, katika meli ya Kijerumani iliyokuwa Lindi, karatasi zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Rufiji. Tarehe 30 Oktoba mabaharia wa manowari Chatham waliona milingoti ikichungulia juu ya miti. Lakini kuona milingoti si kuiona meli. Manowari kubwa zilihitaji maji ya kina kirefu na hazikuweza kuingia mtoni. Makombora yao yaliyorushwa kutoka baharini yaliangukia tope na miti. Kingoni mwa mto askari wa Kijerumani na wa Kiafrika walikuwa wamechimba mahandaki na kuweka mizinga midogo na vituo vya ulinzi vilivyounganishwa kwa simu. Tarehe 10 Novemba Waingereza waliizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mlango wa Suninga ili kuuziba. Hata hivyo milango mingine ilibaki wazi, na hakuna aliyejua kwa yakini Königsberg imelala wapi.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la kutazama kutoka juu. Mikoko ni pazia kwa anayekuja kwa bahari na ni ukuta kwa anayekuja kwa miguu, lakini upande wa mbingu haina kifuniko. Huko Durban alikuwako rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa akiwaonyesha watu namna ya kuruka kwa ndege aina ya Curtiss, ambayo kiwiliwili chake kilikuwa kama mashua na iliweza kushuka majini. Jeshi la majini lilimwajiri pamoja na ndege yake, likampakia melini, na katikati ya Novemba 1914 akafikishwa Niororo, kisiwa kidogo katika maji ya Mafia. Kwa hivyo kituo cha kwanza hakikuwa Mafia yenyewe. Kilikuwa kipande cha mchanga na vichaka, na ndege moja iliyovutwa ufukweni.

Safari ya kwanza, tarehe 19 Novemba, Cutler alipotea akashuka kwenye kisiwa kingine kidogo, Okuza, ambako alitafutwa mpaka akapatikana. Mtambo wake ulichemka kupita kiasi kwa joto, ikabidi itafutwe rejeta ya motokaa ya Ford huko Mombasa. Siku chache baadaye aliruka tena na akaiona Königsberg. Kwa mara ya kwanza Waingereza walijua kwa hakika iko wapi. Mwezi wa Desemba mtambo ulimfia Cutler juu ya delta. Akashuka mtoni na kutekwa na Wajerumani. Kituo kikabaki bila rubani na bila jicho.

Kazi hii ilikuwa imeonyesha mambo mawili. Kwanza, ndege iliweza kufanya kwa saa moja kazi iliyowashinda mabaharia kwa wiki kadhaa. Pili, Niororo palikuwa mahali padogo mno. Palihitajika kisiwa chenye maji ya kunywa, ghuba yenye utulivu na ardhi ya kutosha. Mafia ilikuwa na vyote hivyo, nayo imetenganishwa na delta kwa mlango wa bahari ambao mahali pembamba upana wake ni kama kilomita 20. Ilikuwa milki ya Wajerumani tangu mwaka 1890, ilipohesabiwa pamoja na mwambao ambao Sultani wa Unguja aliuachia kwa malipo ya marki milioni nne. Boma lao lilikuwa katika kisiwa cha Chole. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliteremsha askari, wakiwamo wa King's African Rifles, wakapigana na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao upande wa Ngombeni, na tarehe 12 Januari kisiwa kikasalimu amri. Wenyeji waliamka wakiwa chini ya bendera nyingine, wala hawakuulizwa, kama vile wasivyoulizwa mwaka 1890.

Mwezi wa Februari walifika marubani wa jeshi la majini wakiongozwa na John Cull. Walikuja na ndege za Sopwith zenye maboya ya kutua majini, na kwa miezi kadhaa adui yao mkubwa hakuwa Mjerumani bali hali ya hewa. Ndege hizo zilitengenezwa kwa mbao, kitambaa na gundi, kwa ajili ya bahari za baridi za Ulaya. Katika joto na unyevu wa pwani gundi ililegea, mbao zikapinda, mapangaboi yakaachana. Aidha, hewa ya joto ni nyepesi kuliko ya baridi: bawa hupata nguvu ndogo ya kuinuka, na mtambo nao hupoteza nguvu. Ndege iliyobeba watu wawili na petroli ya kutosha aghalabu ilikimbia juu ya maji bila kunyanyuka. Walizipunguzia mizigo, wakaondoa hiki na kile, na bado hazikufaa.

Mwezi wa Aprili zikaletwa ndege za aina ya Short. Hizi ziliweza kuruka, ila hazikuweza kupanda juu sana, na jambo hilo liliziweka karibu na bunduki za waliokuwa chini. Hata hivyo tarehe 25 Aprili Cull alifika juu ya Königsberg na kuipiga picha. Haikuwa gofu kama wengine walivyotumaini. Ilikuwa safi, imetandaziwa maturubai ya kivuli, na moshi ukitoka katika bomba lake. Meli iliyokuwa imefichwa na msitu kwa miezi sita sasa ilikuwa juu ya karatasi, mezani kwa Admeri Herbert King-Hall.

Picha hiyo haikuwa ushindi. Zilihitajika meli zinazoweza kuingia katika maji mafupi na bado kubeba mizinga mikubwa. Meli za namna hiyo zilipatikana kwa bahati: mbili kati ya tatu zilizojengwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, zikachukuliwa na serikali ya Uingereza vita vilipoanza na kupewa majina ya Severn na Mersey. Ziliondoka Malta mwishoni mwa Aprili zikivutwa na matagi, na kufika Mafia tarehe 3 Juni 1915. Katikati ya mwezi huo zikafika pia ndege za nchi kavu, mbili za aina ya Henri Farman na mbili za Caudron, ambazo hazikuhitaji maboya na hivyo ziliweza kupanda juu zaidi. Ndege hizo zilihitaji uwanja. Ardhi ya Mafia ikasafishwa na kusawazishwa, na kituo kikahama kutoka majini kwenda nchi kavu.

Kazi ya kituo katika mapambano yenyewe inafaa kuelezwa kwa makini, kwani ndiyo inayoonyesha thamani yake. Mpiga mzinga ndani ya Severn hakuweza kuiona shabaha yake. Baina yake na Königsberg palikuwa na kilomita nyingi za msitu na mto unaopinda. Alipiga kwa hesabu. Mwangalizi aliyekuwa ndegeni alilitazama kombora linapoanguka, kisha akatuma kwa simu isiyo na waya herufi chache zilizoeleza limeanguka mbali au karibu, kushoto au kulia. Mpiga mzinga akarekebisha, akapiga tena.

Tarehe 6 Julai, alfajiri, ndege ya kwanza iliruka kutoka Mafia ikadondosha mabomu ili kuwashughulisha Wajerumani, na Severn na Mersey zikaingia mlango wa Kikunja huku zikipigwa bunduki kutoka pande zote mbili za mto. Vita vilichukua karibu mchana kutwa. Waingereza walipiga makombora zaidi ya 600, wakaipata Königsberg mara chache tu. Königsberg nayo ilikuwa na macho yake: waangalizi waliokaa juu ya miti na kutoa habari kwa simu. Kombora lake moja liliharibu mzinga wa mbele wa Mersey na kuua mabaharia kadhaa. Sababu ya Waingereza kushindwa siku hiyo ilikuwa ya kawaida sana. Meli mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na mwangalizi hakuweza kujua kombora lililoanguka ni la nani. Kila alipotuma marekebisho, meli zote mbili ziliyapokea, na moja kati yao ilirekebisha kosa lisilo lake. Aidha, ndege zilikuwa chache, na kila moja iliporudi Mafia kutia petroli mizinga ilibaki kipofu.

Siku tano baadaye, tarehe 11 Julai, walirudi wakiwa wamejifunza. Safari hii meli zilipiga kwa zamu. Cull alirusha ndege, na mwangalizi wake alikuwa Harold Arnold. Severn ilitia nanga, Arnold akatuma marekebisho, na makombora yakasogea hatua kwa hatua mpaka yakaanza kuangukia juu ya meli. Wakati huohuo ndege ilipigwa, mtambo ukaharibika na ikaanza kushuka. Arnold aliendelea kutuma marekebisho huku wakiporomoka. Waliangukia mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, na mashua ikawaokoa wote wawili. Ndege nyingine ilichukua nafasi yao. Kufikia alasiri Königsberg ilikuwa ikiwaka moto. Looff, naye akiwa amejeruhiwa, aliamuru ilipuliwe ili isitekwe, nayo ikakaa juu ya tope la Rufiji.

Hapo ndipo masimulizi mengi yanapofunga. Lakini Wajerumani waliifungua mizinga yote kumi, wakaitia magurudumu na kuivuta hadi Dar es Salaam, na kutoka huko ikasambazwa katika medani za vita vya nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo upo leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Mizinga haikujivuta yenyewe. Vita vilivyoendelea hadi Novemba 1918 vilikuwa zaidi ya yote vita vya wapagazi. Walikusanywa na pande zote mbili, wengi kwa nguvu, na wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na huenda ndilo kumbukumbu yao inayotajwa na watu wengi zaidi kila siku bila kufahamika.

Kituo cha Mafia hakikuhitajika tena kwa kazi iliyokileta. Mwaka huohuo sehemu ya kikosi cha Cull ilipelekwa bara, Maktau, kuwasaidia askari waliokuwa wakijiandaa kuingia upande wa Kilimanjaro. Funzo la Mafia lilibaki: meli yenye nguvu ndogo, ikiwa na jicho hewani, yaweza kuishinda iliyo bora kuliko yenyewe. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika mwambao, kituo cha ndege za majini hakikuwa tena jambo la kubahatisha. Mwaka 1942 jeshi la majini la Uingereza liliweka kituo Tanga na kukiita kwa neno la Kiswahili, Kilele. Kazi yake ilikuwa kuzihudumia ndege za meli zilizokuwa zikitumia bandari ya Kilindini baada ya Wajapani kuzisukuma kutoka mashariki ya Bahari ya Hindi. Kile kilichoanzia Niororo kwa ndege moja na rejeta ya motokaa kilikuwa kimekuwa desturi ya kijeshi.

Cull na Arnold walitunukiwa nishani ya DSO, na walistahiki. Taarifa ya Admeri King-Hall iliyochapishwa London mwaka 1915 inawataja maofisa kwa majina. Lakini msomaji akiitafuta sura ya Mafia yenyewe katika mambo haya, haioni. Waliofyeka uwanja, waliobeba mapipa ya petroli kutoka mashuani, waliojua maji yanatoka saa ngapi katika ghuba ya Chole, wote wamekusanywa katika neno moja, wenyeji. Upande wa pili wa mlango wa bahari hali ilikuwa mbaya zaidi. Watu wa Rufiji na Umatumbi walikuwa wametoka katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, na katika njaa iliyofuata. Kijana aliyenusurika katika njaa ile alikuwa mtu mzima mwaka 1915, akilazimishwa kuvuta mitambo ya meli ya dola ileile iliyowachomea vyakula wazazi wake, huku makombora ya dola nyingine yakiangukia msitu aliokatia boriti.

Ndege za Mafia ziliiona Königsberg kwa sababu zilitafuta Königsberg. Picha ya Cull inaonyesha meli, maturubai na moshi. Vijiji vya delta vilikuwa chini ya mabawa hayohayo, wala havikuwa shabaha ya jicho lile. Historia iliyoandikwa baadaye imeendelea kutazama kutoka palepale hewani. Kuna njia nyingine ya kuitazama. Wajukuu wa watu wa Chole, Juani, Jibondo na Kilindoni wapo, na wapo wa vijiji vya Rufiji. Wamo miongoni mwao waliosikia kwa babu zao habari za vita vya Wazungu, za kazi walizopewa na za nani hakurudi. Habari hizo hazitaongeza chochote katika hesabu ya makombora, ila zitaeleza kisiwa kililipa nini kwa miezi ile ya mwaka 1915. Wanaozikumbuka wanazidi kupungua kila mwaka, na kazi ya kuwauliza na kuandika haihitaji ndege wala manowari.